Mama Kohoa na Pumzi ya Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Juni 2012, siku yake ya kwanza kazini katika kitengo cha tiba ya kupumua, Mama Kohoa alitapika ndani ya sinki la kuoshea barakoa. Mashahidi wa tukio hilo ni wawili na wote bado wako kazini: sista mkuu wa kitengo, aliyemshika mabega, na mfagizi wa wadi ya mapafu, aliyesema bila kuinua macho, "Huyu hamalizi wiki."

Wiki aliimaliza, na miaka pia. Lakini kinyaa kilichomtapisha siku ile hakijamtoka. Watu humfariji kwamba mja huzoea chochote. Yeye amezoea zamu, amezoea harufu ya dawa, amezoea hata kufunga macho ya watu waliokuwa wakimtania asubuhi. Makohozi hajayazoea. Anayajua kwa rangi na kwa uzito: yale meupe yenye povu, yale ya kijivu yanayovutika kama gundi ya fundi viatu, yale ya kijani yanayonuka kabla hujafunua kikombe. Kila akiyaona, tumbo humpanda hadi kooni, naye hulirudisha chini na kuendelea na kazi. Wenzake wanaweza kunywa chai huku kikombe cha mgonjwa kiko mezani kando ya sukari. Yeye hata bamia hapiki. Mumewe, ambaye ni fundi umeme na mpenzi mkubwa wa bamia, huenda kuzila kwa dada yake.

Kitengo chenyewe ni vyumba viwili mwishoni mwa korido ya chini. Cha kwanza kina viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani, na mbele ya kila kiti kuna chupa yenye maji nusu na mrija ndani yake. Wagonjwa wa mapafu sugu hukaa pale wakipuliza mapovu, kwa sababu kupuliza dhidi ya maji huifanya njia ya hewa isifunge mapema. Ni watu ambao kazi zao ziliwaingia kifuani: mponda mawe, mpishi wa shule aliyezeeka kwenye moshi wa kuni, dereva wa lori la saruji. Chumba cha pili kina kabati, sinki, na mashine za oksijeni zinazosubiri matengenezo.

"Pulizeni kama mnapooza chai ya mwenye nyumba," huwaambia. "Taratibu. Ukiipuliza kwa pupa itammwagikia, na kodi hujalipa."

"Mimi wangu," dereva wa lori akamjibu siku moja, akasimama katikati ya sentensi kutafuta hewa, "nitamwachia imuunguze."

Jina la Mama Kohoa wamempa wao. Humlaza mgonjwa ubavu, hukunja viganja kama vikombe na kumpigapiga mgongoni, kama mtu anayetoa vumbi kwenye godoro, halafu husema, "Kohoa." Mgonjwa akikohoa kwa aibu, humrudisha. "Hicho ni kikohozi cha ugenini. Nipe cha nyumbani kwenu." Kinachotoka lazima akitazame, maana ndicho kinachoeleza kama kifua kimeingiwa na vijidudu au la. Anakitazama. Hajawahi kugeuza uso, isipokuwa kwa mgonjwa mmoja, na habari hii inamhusu yeye.

Baba mkwe wake alikuwa mpaka rangi wa magari. Alipaka rangi kwa bomba la upepo tangu ujanani bila kitambaa puani, na akipumzika kuvuta rangi alivuta sigara. Pamoja na hayo alikuwa mtanashati wa kupindukia. Suruali yake ilikuwa na mstari unaoweza kukata mkate, leso yake ilipigwa pasi pande zote, na meno yake ya bandia aliyasugua hadi yakazidi weupe wa yale aliyozaliwa nayo. Mtaani walimwita Bwana Pasi.

Bwana Pasi alipoelezwa kazi ya mchumba wa mwanawe, aliuliza swali moja tu, na aliliuliza mbele ya wageni: "Mkono unaoshika makohozi mchana, jioni ndio unakanda unga?"

Ndoa ilifungwa, lakini hakula. Miaka yote alipotembelea nyumba ya mwanawe alikunywa soda, na kizibo alifungua mwenyewe. Chakula kikiletwa alisema ametoka kula. Mkewe, alipokuwa hai, alikuwa akimsogezea mkwewe sahani chini kwa chini na kumwambia, "Mwanangu, mwache. Huyu hata mimi alinikagua kucha." Mama Kohoa alimwacha. Alimwelewa kuliko alivyopenda kukiri, kwa sababu naye, akitoka kazini, husugua mikono hadi viwiko kabla ya kugusa kikombe cha mtu.

Mwaka huu mapafu ya Bwana Pasi yalichoka. Aliletwa wadini akiwa amekaa wima, mikono magotini, midomo imegeuka rangi ya wino. Walimwekea oksijeni kidogo kupitia mpira wa puani. Kidogo, kwa sababu mapafu ya namna ile yakimwagiwa oksijeni nyingi mgonjwa husinzia na anaweza asiamke. Binti yake, ambaye ni msusi, alikuja saa ya kutazama wagonjwa, akaona kipimo kiko chini, akakipandisha.

"Wifi, usiguse hapo," Mama Kohoa akasema, akakirudisha.

"Hewa nayo mnapima kwa kijiko? Baba yangu huyu, si mfungwa."

"Ndiyo maana nataka aamke kesho."

"Haya, daktari," wifi akasema, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba mwenzake si daktari.

Bwana Pasi alikuwa mgonjwa mgumu kwa jambo moja. Hakutema. Mama Kohoa alimpigapiga mgongo, kifua kikanguruma, makohozi yakapanda, ukasikia yamefika kooni, kisha mzee akafumba mdomo na kumeza. Mlio ule wa kumeza ulimkaa masikioni Mama Kohoa hadi nyumbani. Alimpa kikombe cha plastiki chenye kifuniko, akaandika namba ya kitanda kwa kalamu ya wino mzito. Siku ya pili kikombe hakikuwepo.

"Kimepotea," mzee akasema.

"Kimepoteaje, baba? Hakina miguu."

"Hospitali," akavuta hewa, "ina wezi, mkwe."

Chini ya mto alikuta leso, zimekunjwa kwa mistari yake ileile, zimekauka na kugandamana kama biskuti. Alizibeba kwa vidole viwili. Aliona ni haya ya mtu kwa mke wa mwanawe, akaiheshimu. Hata mzee alipokuwa akivua meno ili apulize vizuri, alikuwa akisema, "Geuka, mkwe," naye aligeuka.

Ilipofika wakati wa kumruhusu, daktari alisema mzee atahitaji mashine ya oksijeni nyumbani. Kitengo kina mashine chache za kuazimisha, na moja ilikuwa imerudi. Waliokuwa wakiisubiri ni wawili: Bwana Pasi, na mwalimu mstaafu wa kike aliyekuwa amelala kitanda cha dirishani tangu kabla yake, mpole, asiyejua kulalamika. Daktari alimtanguliza mzee kwa kuwa hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Kilichobaki ni sharti la kitengo, na sharti halina mjomba: mashine haiendi kwenye nyumba ya mvutaji.

Sharti hilo lina sababu, na Mama Kohoa ameiona kwa macho yake. Oksijeni haiwaki, lakini hukifanya kinachowaka kiwake kwa hasira. Mgonjwa mmoja wa zamani aliwasha sigara huku mpira uko puani. Mpira uliyeyuka, ukashikamana na mashavu. Waliubandua kwa koleo, na ngozi ikaja nao.

Bwana Pasi asingerudi kwake, maana alikuwa akiishi peke yake tangu afiwe. Angehamia kwa mwanawe. Nyumba ina vyumba viwili vya kulala, na mume alikuwa ameshatoboa ukuta wa kile kidogo na kuweka soketi mpya kando ya kitanda cha baba. Kitanda cha pili ndani ya chumba hicho ni cha binti yao, mwanafunzi wa darasa la pili. Mtoto alifurahi sana. Alikuwa ameshamchagulia babu shuka.

"Baba ameacha sigara," mume alisema. "Ameniapia."

"Ataapia na kipimo pia," Mama Kohoa akajibu.

Kipimo cha moshi ni kidude cha kushika mkononi, chenye kimrija cha karatasi cha kuweka mdomoni. Mtu huvuta pumzi, huishikilia kidogo, kisha huipuliza yote, na kidude huonyesha ni moshi kiasi gani uliomo kwenye damu. Mvutaji hawezi kukidanganya. Ilikuwa mchana, saa ya kutazama wagonjwa, pazia limevutwa kuzunguka kitanda. Ndani ya pazia walikuwa watatu: mzee, bintiye msusi aliyeshika glasi ya maji, na Mama Kohoa.

"Meno," mzee akasema, akaanza kuyalegeza. Mate yakamtoka kwenye pembe ya mdomo. "Geuka, mkwe."

Akageuka. Aligeuka kwa heshima, lakini pia kwa nafuu, kwa sababu uzi ule wa mate uliokuwa ukining'inia kati ya meno na vidole ulikuwa umeshaanza kumtibua. Alitazama maua yaliyofifia kwenye pazia. Nyuma yake alisikia kitanda kikilia, kisha kimya, kisha pumzi ndefu ikitoka, kisha mlio wa kidude.

"Tayari," wifi akasema. "Haya, soma mwenyewe."

Namba ilikuwa ndogo, namba ya mtu asiyejua sigara. Mzee alikuwa ameegemea mto, macho ameyafumba. Mama Kohoa akatia saini. Mume angekuja kuchukua mashine kesho yake asubuhi.

"Umeona?" wifi akasema. "Mtu kaacha, mnamsumbua tu. Wengine wakipewa joho jeupe wanajiona mahakama."

Alirudi chumba cha pili, kwenye sinki, kusafisha kidude. Akachomoa kimrija cha karatasi ili akitupe, akakishika kwa ncha kama anavyovishika vyote, akiwa tayari kwa kile anachokijua. Vimrija vya wagonjwa wake hutoka vimelowa, vimepondwa na fizi, vina ute unaofuata kidole. Hiki kilikuwa kikavu. Kilikuwa duara, kama kilivyotoka kwenye pakiti, kina unyevu kidogo tu ukingoni.

Alikitazama muda mrefu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, kitu kisafi kilimtia kichefuchefu.

Ndipo akaikumbuka ile pumzi aliyoisikia. Ilikuwa ndefu, laini, ya moja kwa moja. Bwana Pasi alikuwa hawezi kusema "hospitali ina wezi" bila kupumzika katikati.

Mfagizi alikuwa akipita na ndoo. Mama Kohoa alimuuliza swali moja: wadi hii, nani anavuta sigara?

"Unaniuliza kama hujui?" mfagizi akasema. "Nilidhani mnamfichia kwa sababu ni wenu. Njoo."

Choo cha wanaume kina dirisha dogo juu ya tangi la maji. Chini yake palikuwa na ndoo iliyofudikizwa, yenye alama za soli juu ya kitako. Mfagizi alipanda, akapapasa kwenye ukingo wa dirisha kwa nje, akashuka na kikombe cha plastiki chenye kifuniko. Namba ya kitanda ilikuwa bado inasomeka, kwa mwandiko wa Mama Kohoa mwenyewe.

Alikifunua. Vichungi vya sigara vilikuwa vimejaa mle, vimevimba, vikielea ndani ya makohozi. Mzee alikuwa akivizima humo. Makohozi yote aliyomnyima, yote aliyoyameza mbele yake kwa staha, alikuwa amekuja kuyatema hapa, yamzimie sigara. Na yalikuwa ya kijani. Kifua kile kilikuwa na vijidudu siku zote alizokuwa akimpigapiga na kuandika kwamba hakuna kilichotoka.

Aliegemea mlango. Mfagizi alisimama kando akimpa nafasi, kisha akasema, "Ukitaka kutapika tapika sasa, sijapiga deki."

"Sitapiki," Mama Kohoa akasema. "Nipe glavu."

Alianza kwa sista mkuu. Akamwonyesha kikombe, akamwambia kwamba alitia saini kipimo ambacho hakukiona kikipulizwa. Sista mkuu aliuliza kwa nini hakukiona. Akasema, "Niligeuka." Sista mkuu hakumfokea. Alimtazama tu kama mtu anavyotazama doa kwenye shuka safi, akafuta saini ile, akapeleka kikombe kwa daktari ili mzee aanzishiwe dawa ya vijidudu, kisha akasema, "Kipimo kirudiwe, nawe ndiye utakirudia."

Saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa haijaisha. Mume alikuwa amefika kutoka kazini, bisibisi bado iko mfukoni, akizungumza na dadake jinsi ya kumbeba mzee. Mama Kohoa aliingia na kidude na kimrija kipya.

"Tunarudia," akasema.

"Turudie nini?" wifi akauliza. "Si umeandika mwenyewe?"

"Wewe toka nje ya pazia, wifi. Pumzi yako nimeshaipima, ni nzima."

Mume akamtazama dada, akamtazama mkewe. "Ina maana gani?"

"Dadako alipuliza badala ya baba."

"Na nikipuliza?" wifi akasema, sauti ikipanda. "Sigara moja baada ya chai, mzee wa watu, ndiyo umfungie hospitalini kama mbuzi? Wewe ni mke wa kaka yangu au ni askari? Tangu mwanzo hukumpenda kwa sababu hakula mikononi mwako. Sema tu unalipiza."

"Ningetaka kulipiza ningempa mashine," Mama Kohoa akasema.

Dereva wa lori, aliyekuwa amelazwa kitanda cha jirani, aliacha hata kukohoa ili asipitwe.

"Mama," mume akasema polepole, kwa jina analomwita kwa ajili ya mtoto wao. "Tungezungumza nyumbani. Mzee angeacha akifika kwetu. Ningemchunga."

"Ungemchunga ukiwa juu ya nguzo ya umeme? Anayelala naye chumba kimoja ni nani?"

Mume alitoa bisibisi mfukoni, akairudisha.

Bwana Pasi alikuwa ameyasikia yote. Alikuwa amekaa wima, kola yake imenyooka, mpira puani. "Moja tu, mkwe," akasema. Akavuta hewa. "Moja. Baada ya chai."

"Kikombe nimekiona, baba."

Hapo ndipo uso wa mzee ulipobadilika. Uongo wa sigara alikuwa tayari kuubeba, na wa kipimo pia. Lakini kwamba mkwewe amefunua kikombe kile na kutazama ndani, hilo lilimwinamisha. "Umekifunua," akasema. "Kwa nini ukifunue. Kitu kichafu kile."

"Ndiyo kazi yangu."

"Nilikuwa nakusitiri."

"Ulikuwa unajisitiri wewe, na ugonjwa pamoja nawe. Toa meno."

"Geuka."

"Sigeuki."

Alinyoosha mkono wenye glavu, kiganja juu. Mzee akamtazama mwanawe, na mwanawe akatazama sakafu. Hatimaye aliyalegeza meno, juu na chini, na kuyaweka kwenye kiganja kile, yakiwa na joto na utelezi, uzi wa mate ukifuata hadi ukakatika. Mama Kohoa hakufumba macho. Alimwekea kimrija mdomoni, na mzee, mashavu yamebonyea ndani, akapuliza pumzi fupi yenye mikwaruzo, akakatika, akaanza kukohoa. Mama Kohoa akamwekea bakuli chini ya kidevu na mkono mwingine mgongoni.

"Tema, baba. Usimeze."

Alitema. Yalikuwa mengi, na yalichukua muda. Wifi alitoka nje ya pazia akiwa ameziba pua kwa upande wa kitenge. Mume alibaki, lakini akageukia ukutani. Mama Kohoa aliyatazama hadi ya mwisho, akaona rangi, akaona michirizi, akafunika bakuli. Kidude kilionyesha namba kubwa kupita zote alizoziona wiki ile. Aliiandika mbele yao.

"Basi hamna mashine," mume akasema kwenye ukuta.

"Hamna."

"Na mimi nitamwambia nini mtoto?"

"Mwambie babu anavuta sigara."

Mume aliondoka na dadake bila kumuaga. Jioni ile alilala sebuleni, na soketi mpya aliifunika kwa kipande cha mbao akakipigilia misumari. Mama Kohoa alisugua mikono hadi viwiko, akaisugua tena, na harufu haikutoka, maana haikuwa mikononi.

Mashine ilikwenda kwa mwalimu mstaafu asubuhi yake. Watoto wa kaka yake walikuja kuibeba, na mmoja wao aliuliza mara mbili kama ni kweli, asije akaaibika getini. Bwana Pasi amebaki kitanda kilekile, kwenye dawa ya vijidudu, na ndoo ya chooni imehamishiwa stoo. Hajasema na mkwewe tangu siku ile zaidi ya kuitikia salamu. Kipimo kitarudiwa kila wiki. Kikisoma safi, kikiwa kimepulizwa na yeye mwenyewe, mara tatu mfululizo, jina lake litarudi kwenye foleni ya mashine. Anayekishika kidude ni Mama Kohoa, na anayeshika meno ni yeye pia. Cha kwanza ni Alhamisi.